Kabla ya Kununua Mota Kubwa

Barua ya wiki hii imetoka Mbinga, kwa mzazi mwenye mtoto wa kidato cha tatu. Kijana huyo ameunda ndege ndogo ya kuongozwa kwa rimoti, yenye mabawa yaliyofungwa chini ya kiwiliwili. Kiwiliwili amekichonga kwa lile povu gumu linalofungashiwa vyombo vya umeme. Mota na rimoti amepewa na mjomba wake wa Dar es Salaam. Wakati wa likizo walishuka Mbamba Bay kwa bibi, na asubuhi moja ndege hiyo ikaruka juu ya mchanga wa ufukweni, ikazunguka, ikatua salama. Waliporejea nyumbani kijana akaiwekea betri kubwa zaidi ili ikae angani muda mrefu. Safari hii ilipaa kidogo, ikainua pua, ikasita, kisha ikaanguka ubavu kati ya mibuni, hatua chache kutoka alipokuwa mama yake akichuma kahawa. Mama ameapa kuwa haitaruka tena. Kijana anasema mota ni dhaifu, anaomba ya wati 1,000. Baba anatuuliza: atoe fedha ya kahawa anunue mota, au aivunje ndege?

Tunamshauri asifanye lolote kati ya hayo mawili kabla ya yeye na mwanawe kukaa chini na kupiga hesabu.

Hesabu ya kwanza ni ya uzito. Ametuandikia kuwa ndege iliyoruka Mbamba Bay ilikuwa na kilo 1.9, kwamba mota ni ya wati 400, na kwamba betri mpya imeongeza nusu kilo. Waundaji wa ndege hizi wana kipimo chao: ndege ya mabawa ya chini, ya mazoezi wala si ya michezo ya angani, huhitaji wati 220 hadi 330 kwa kila kilo moja. Kule ziwani mota ilikuwa na wati 210 kwa kila kilo, yaani ilikaribia kutosha. Sasa kwa kilo 2.4 imebaki na wati 167. Mota haikudhoofika, imebebeshwa mzigo.

Hesabu ya pili ni ya hewa. Maji ya Ziwa Nyasa yako kiasi cha mita 470 juu ya usawa wa bahari, ilhali Mbinga iko katika nyanda za juu za Umatengo, zaidi ya mita 1,000. Kila mtu anayepanda mita 100, hewa hupungua uzito kwa takriban asilimia moja. Katika hewa nyepesi pangaboi huvuta kidogo na bawa hubeba kidogo, hivyo ndege hudai mwendo mkubwa zaidi na uwanja mrefu zaidi kabla ya kuinuka. Kwa hiyo ndege iliyopaa kwa shida kidogo mchangani haikustahili kuongezewa mzigo ilipopandishwa milimani.

Hesabu ya tatu ndiyo iliyoiangusha hasa. Betri kubwa haikuenea puani, kijana akaiweka nyuma ya bawa. Ndege yenye mkia mzito huinua pua yenyewe, hupoteza mwendo, na bawa likikosa mwendo huacha kubeba. Kwa ndege ya namna hii mahali pa mizani ni kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, kupimwa kutoka ukingo wa mbele. Bawa likiwa na upana wa sentimita 25, hapo ni kati ya sentimita 6 na 8. Na kwa kuwa mabawa yako chini na uzito mwingi uko juu yake, ndege hugeuzwa kichwa chini ndipo ikawekwa juu ya ncha za vidole viwili. Ikilala sawa, au pua ikiinama kidogo, iko salama. Mkia ukishuka, isirushwe hata hatua moja.

Jambo hili liliwaumiza wakubwa kabla ya watoto wetu. Mwanahistoria al-Maqqari, aliyeandika katika karne ya 17, anasimulia kuwa Abbas ibn Firnas wa Cordoba, mwanachuoni wa karne ya 9, alijivisha manyoya na mabawa akaruka mwendo fulani, lakini akaumia mgongo wakati wa kutua kwa sababu hakujifanyia mkia. Mabawa alikuwa nayo na ujasiri alikuwa nao. Alichosahau ni sehemu ya nyuma.

Sasa tuje kwenye mota yenyewe. Injini ndogo za mafuta zina nguvu na sauti tamu, lakini hunywa methanoli iliyochanganywa na mafuta ya kulainisha. Methanoli ni sumu, nayo si kitu cha kuwekwa katika nyumba yenye watoto. Aidha, injini hizo hupungukiwa nguvu milimani, na sindano yake ya mafuta hulazimika kurekebishwa upya kila mtu apandapo kutoka ziwani. Kwa familia hii mota ya umeme ndiyo inayofaa.

Je, ya wati 1,000? Hapana. Betri yao ya volti 14.8 ingetakiwa kutoa takriban ampea 68, na kidhibiti mwendo kidogo kingeungua. Warudishe betri ya kwanza puani. Ndege ikirudi kilo 1.9, kwa wati 250 kila kilo inahitaji wati 475, yaani takriban ampea 32. Mota ya wati 500 na kidhibiti mwendo cha ampea 45 vitatosha hata Mbinga. Mota ifungwe ikielekea chini kidogo na kulia kidogo, nyuzi moja hadi tatu, ili isiipindue ndege inapovuta kwa nguvu. Vibao vya mabawa na vya mkia viachwe vicheze sentimita moja tu juu na chini, kwani ndege ya mabawa ya chini hutii haraka na mkono mgeni huzidisha.

Kwa mama tuna neno pia. Hofu yake ni ya haki, na kijana anapaswa kumwomba radhi kabla ya kugusa rimoti. Kisha yawepo masharti ya nyumba. Pangaboi livuliwe kila mota inapojaribiwa mezani. Betri isichajiwe usiku watu wamelala wala juu ya godoro, na iliyovimba isitumike tena. Ndege irushwe asubuhi upepo ukiwa umetulia, uwanjani, mbali na nyumba, barabara na shamba lenye watu. Kamera isifungwe, hasa kule ziwani ambako maji yetu yanapakana na ya majirani. Na baba awasiliane kwanza na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kuhusu kibali, kisha awaarifu viongozi wa mtaa.

Mzazi mwenzetu, usiivunje ndege. Kijana aliyeunda kitu kikaruka amejifunza hesabu ambayo wengi huikariri tu darasani. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba kila tatizo dawa yake ni nguvu zaidi. Azima mizani, mketi naye, aandike namba kwa mkono wake mwenyewe mbele ya mama yake. Akishazielewa, ndipo uamue kuhusu fedha ya kahawa.

Tukutane wiki ijayo, insha Allah.