Gari Kuukuu Lililoshinda

Wapenda magari wa Changamwe hawaishi kubishana: anayeshinda mbio za Safari ni gari au ni fundi? Mbio hizo zilipoanzishwa mwaka 1953, magari yaligawanywa kwa bei yake ya kununulia, wala si kwa ukubwa wa injini. Mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumiwa na wengine. Joginder alikuwa fundi hodari, aliyelelewa katika gereji ya baba yake huko Kericho. Basi mwenye gari anayeahirisha matengenezo kwa kuogopa gharama na akumbuke: boliti iliyolegea hukazwa kwa senti chache, lakini ekseli ikivunjika njiani, akiba yote huteketea. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.