KAKA MCHAMBUZI, ZINCHENKO ALIKIMBIA VITA GANI?

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Leo nina hasira, na nazitolea hapa hapa.

Kuna mchambuzi mmoja wa mpira hapa mjini, jina namstiri kwa sababu kiumri ni kaka yangu na tunakutana kwenye shughuli za watu. Nyie mnamjua, yule wa miwani nyeusi hata usiku. Juzi kaposti ile picha ya Oleksandr Zinchenko akilia na bendera ya Ukraine. Juu yake kaandika kwamba wenzake wanakufa kwenye mahandaki huko kwao, yeye kakimbilia Uingereza kula pauni na kulia mbele ya kamera. Komenti zikamiminika, watu wanacheka mpaka wanagaragara. Mpaka Washika Bunduki wenyewe, waliokuwa wanamsifia alivyohamia Arsenal, wakadakia kwamba ndo maana hata kukaba hajui, kazoea kukimbia.

Na mimi nilicheka kidogo, siwafichi. Halafu nikazima simu nikalala, usingizi ukagoma. Kwa nini uligoma nitawaambia mwishoni.

Kaka, tuanze na miaka, maana hapo ndo ulipochemka.

Urusi iliivamia Ukraine kwa nguvu zote tarehe 24 Februari 2022. Siku hiyo hiyo serikali ya Ukraine ikatangaza hali ya kivita, wanaume wa miaka 18 mpaka 60 wakazuiwa kutoka nje ya nchi. Zinchenko siku hiyo alikuwa wapi? Manchester. Alikuwa huko tangu lini? Man City walimsajili mwaka 2016, akiwa na miaka 19. Sasa mtu kahama mtaa mwaka 2016, nyumba imekuja kuungua 2022, wewe unasema alikimbia moto. Moto gani huo kaka?

Vita iliyomhamisha ipo, ila sio hiyo unayoijua wewe. Zinchenko kazaliwa mwaka 1996 Radomyshl, mji mdogo magharibi mwa Kyiv, na mpira kajifunzia akademi ya Shakhtar Donetsk. Mwaka 2014 mapigano yakaingia Donbas. Shakhtar wenyewe, klabu kubwa yenye uwanja wa kisasa, wakafungasha virago, na mpaka leo hawajarudi kucheza nyumbani kwao Donetsk. Dogo alikuwa na miaka 17. Familia ikaenda Urusi, mkataba wake na Shakhtar ukazua mgogoro, akakaa bila timu, akawa anacheza mpira wa mtaani huko Moscow kama sisi na chandimu zetu. Mwaka 2015 ndo FC Ufa wakamfungulia mlango.

Hapa kaka ungekuwa na akili ya kuuliza ungenibana kweli. Kijana wa Ukraine anacheza ligi ya Urusi mwaka mmoja tu baada ya Urusi kuichukua Crimea, hiyo imekaaje? Hilo swali ni zito na kuna watu kwao linawauma. Jibu langu mimi ni kwamba dogo wa umri ule, hana timu, anafuata wazazi wake na anafuata mlango uliofunguka. Wangapi kati yetu tuna ndugu anayefanya kazi kwa mtu asiyempenda, kwa sababu ndo kazi iliyopatikana? Ila wewe hukuuliza hilo. Ulitaka laiki.

Tuje kwenye hizo pauni unazosema anakula. Amepewa bure?

Zinchenko alikuwa kiungo mshambuliaji, yaani ni mtu wa namba kumi, wa pasi na mashuti. City wakamchukua na moja kwa moja wakampeleka kwa mkopo PSV ya Uholanzi, huko nako akashushwa mpaka timu ya vijana. Karudi City, Mendy kaumia, Guardiola kamwambia kaa namba tatu. Beki wa kushoto! Mtu wa namba kumi! Hapa Bongo ukimwambia dogo wa mtaani acheze beki anavua jezi anasepa nyumbani. Yeye akacheza. Mwaka 2018 City wakakubaliana na Wolves wamuuze, akakataa kuondoka, akasema atabaki kupigania nafasi. Alichobeba akiwa City kimeandikwa: makombe manne ya Ligi Kuu ya England, 2018, 2019, 2021 na 2022.

Sisemi hana makosa. Fainali ya Ulaya 2021 pale Porto, Havertz alipofunga lile goli la Chelsea, Zinchenko ndiye aliyekuwa anamkimbiza nyuma. Arsenal nako kawapandisha watu presha sana na kupoteza mipira. Mseme kwa kukaba, ruksa, hiyo ndo kazi yenu wachambuzi. Kukaba vibaya na kusaliti nchi ni vitu viwili tofauti, usivitie kwenye sufuria moja.

Na hiyo picha uliyoitupia vikaragosi vya kucheka, unajua ni ya siku gani? Ni tarehe 22 Mei 2022. Mimi nakumbuka kwa sababu nilikuwa kibanda umiza Tandika, nimetoa jero yangu, nimekalia ndoo. City walikuwa nyumbani, Aston Villa wanaongoza mbili bila, ubingwa unaondoka. Zinchenko aliingia baada ya mapumziko, yeye ndo aliyempa Rodri pasi ya goli la kusawazisha, Gündoğan akamaliza, tatu mbili. Kipenga kikalia, wenzake wanarukaruka, yeye akalivisha kombe bendera ya kwao na machozi yakaanza. Kwao mabomu yalikuwa yanadondoka, vita ina miezi mitatu kasoro siku mbili. Kibandani kelele zilipungua, watu wakawa wanamwangalia tu. Sasa wewe mwaka gani umegundua kwamba yale yalikuwa maigizo?

Mtu aliyekimbia huwa ananyamaza. Anakula mshahara wake, anaposti gari, nchi yake ikitajwa anajifanya mtandao unasumbua. Huyu alifanya nini?

Vita ilipoanza tu aliandika Instagram maneno makali mno juu ya Putin, mpaka posti ikaondolewa. Tarehe 26 Februari, City walikuwa ugenini kwa Everton, akakumbatiana uwanjani na Mykolenko, Muukraine mwenzake wa Everton, wote wawili macho mekundu. Siku chache baadaye kule Peterborough, Fernandinho akamwachia kitambaa cha unahodha. Juni akavaa jezi ya taifa, wakaifunga Scotland tatu moja, wakabakiza mechi moja tu kwenda Kombe la Dunia, Wales wakawakatisha kwa goli moja pale Cardiff. Agosti 2023 yeye na Shevchenko wakaandaa mechi ya hisani uwanja wa Stamford Bridge, pesa iende kujenga upya shule iliyobomolewa na vita huko Chernihiv. Na mwaka 2024 aliwaambia BBC kwamba akiitwa jeshini angekwenda.

Hiyo ni orodha ya mtu aliyekimbia?

Kama unataka kuona aliyeondoka kweli, nakupa jina kaka, ukafanyie klipu. Anatoliy Tymoshchuk. Kaichezea Ukraine mechi 144, hakuna aliyemfikia. Kabeba Kombe la Ulaya akiwa Bayern mwaka 2013. Vita ilipoanza alikuwa kocha msaidizi wa Zenit, pale pale St Petersburg. Akakaa kimya. Hajahama, hajalaani, hajasema neno. Shirikisho la mpira la Ukraine likamvua vyeo na heshima zote. Tazama kilichowaudhi. Kuishi nje sio tatizo, mbona na Shevchenko kacheza Milan na Chelsea miaka yote ile na leo ndo rais wa shirikisho hilo? Walichoshindwa kukimeza ni ule ukimya.

Na msiniambie haya ni mambo ya Wazungu. Februari 2024, nusu fainali ya AFCON kule Abidjan, timu ya Kongo ilisimama kwenye wimbo wa taifa, mkono mmoja umeziba mdomo, vidole viwili vya mkono mwingine kichwani kama bastola. Walikuwa wanailalamikia dunia kwa kunyamazia mauaji ya mashariki ya Kongo, kwa watu wanaoongea Kiswahili hiki hiki ninachoandikia. Wengi wa wachezaji wale wanakula mshahara Ulaya, na wengine wamezaliwa huko huko. Na wao wamekimbia? Wangekuwa wamekaa Goma wasio na timu, kuna kamera gani ingewamulika?

Sasa niwaambie kilichoninyima usingizi.

Dada yangu yuko Muscat mwaka wa sita huu, kazi za ndani. Aliondoka nikiwa nimemaliza kidato cha nne nipo nipo tu. Mtaani kwetu kuna wamama wakimtaja wanabinya midomo, eti katukimbia, kamuacha bi mkubwa na presha yake, kazi kuposti picha na mtandio mpya. Hao hao wanapita mbele ya nyumba yetu, bati lote lile ni lake. Dawa za bi mkubwa kila mwezi ni zake. Simu ninayoandikia haya nayo ni yake. Baba alipofariki dada alishindwa kuja kwa sababu bosi wake alimnyima ruhusa. Alipiga simu ya video akazikia kwenye kioo, mimi ndo niliyeshika simu makaburini mkono unatetemeka. Alilia vile vile kama Zinchenko. Na kuna mtu alisema baadaye kwamba anaigiza, angekuwa na uchungu angekuja.

Kwa hiyo kaka ukiandika kwamba mtu akiwa mbali na akalia basi anaigiza, mimi sisomi habari ya mpira tena. Namsoma dada yangu. Na wapo wengi kama mimi wanaokufuata, wana kaka Dubai, shangazi Uingereza, mume yuko kwenye malori Afrika Kusini. Tunakuwekea laiki kwa bando walilotutumia wao.

Aliyeondoka mwangalie mdomo wake na mshahara wake. Anakwenu akiumizwa anasema au anajifanya hasikii? Akipata anarudisha au anasahau njia? Hayo mawili yanatosha kumjua mtu. Umbali wake ni nauli tu.

Kaka nakuheshimu na nitaendelea kukuamkia tukikutana. Ila ile posti ifute. Kama kuifuta ni aibu, basi nenda pale chini kaandike kwamba miaka ulikosea, 2016 inakuja kabla ya 2022. Kidato cha nne changu kimenitosha kulijua hilo.

Wadau, nyie mna ndugu nje? Mtaani wanamwitaje? Shusheni hapo chini, matusi sitaki, leo sina nguvu za kuyafuta.