Kimwera Kinaishia Barazani

Katika vitongoji vya miji ya Nachingwea na Ruangwa, bibi huzungumza Kimwera na mwenziwe barazani, kisha humgeukia mjukuu kwa Kiswahili. Wengi husema huo ni utandawazi. Siafiki. Nachingwea ilichanganyika mapema: mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, ulikusanya vibarua wa makabila mengi, baadaye kambi ya FRELIMO ikaleta wapigania uhuru wa Msumbiji. Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde wakaoana, Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani. Hilo si msiba. Ndio umoja tuliouhubiri.

Ninalolalamikia ni dola kujifanya haioni. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 iliziita lugha za jamii zetu hazina. Lakini sensa hazijauliza kabila tangu ile ya 1967. Afisa utamaduni wa wilaya atajuaje ni kaya ngapi bado zinasema Kimwera? (Sarufi yake aliichapisha mmisionari, Lyndon Harries, mwaka 1950.) Kumuuliza mtu lugha ya nyumbani kwake si kumuuliza kabila lake. Swali hilo liingie kwenye dodoso la sensa ijayo, wangali hai wa kulijibu.