Paka wa nyumba haingwa, na mgeni asikaribishwe kwa pupa

Mapema mwaka 2025, wakazi wa Nairobi walipata jambo la kuwachekesha na kuwakasirisha kwa wakati mmoja. Ulikuwa umezuka mswada wa kaunti kuhusu udhibiti na ustawi wa wanyama ambao, miongoni mwa mengine, ulikusudia kumtaka kila mwenye paka alipe shilingi 200 kwa mwaka, aonyeshe cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, na ahakikishe kwamba paka wake hapigi kelele za kuwasumbua majirani. Mzaha ulitanda kila pembe ya jiji. Hata hivyo, katika kicheko hicho lilipotea swali moja lenye maana: kelele hizo zinazowakosesha watu usingizi hutoka wapi?

Baadhi ni za paka wasiohasiwa wanaotafutana usiku. Lakini nyingine, na ndizo ninazokusudia kuzizungumzia leo, hutokana na pupa yetu sisi tunaojiita wenye paka.

Tuuangalie mtaa kama Satellite, ulioko kando ya Barabara ya Naivasha, jirani na Riruta na Kawangware. Magorofa yamesongamana, na panya hawahitaji ngazi ili kufika orofa ya tatu. Ndiyo maana mpangaji hufuga paka, naye paka huilipa kodi yake kwa kazi. Baada ya miaka mitatu au minne, jirani huwa na watoto wa paka wa kugawa, na mpangaji huona heri amwongezee paka wake mwenzi. Humleta mgeni jioni ndani ya katoni, humfungulia katikati ya sebule mbele ya mwenyeji, kisha huketi kungoja mapenzi yaanze. Kinachofuata ni mwenyeji kuvimba manyoya na kupuliza pumzi kama nyoka, na kile kitoto kukimbilia chini ya kochi. Ikifika siku ya tatu hukumu hutolewa: hawa hawapatani. Aghalabu mmoja wao hutiwa guniani akatupwe sokoni au karibu na machinjio, eti huko hatakosa chakula.

Sisi tunaofundisha isimu huambiwa kwamba methali ni hekima iliyohifadhiwa. Ni kweli, lakini methali ikiwekwa pasipo pake huwa kisingizio. Watu wanapomtupa paka husema kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Lakini paka si fahali. Anayetembea katika vichochoro vya mji wa kale wa Lamu huwaona paka wakilala kwa makundi, wakingoja mabaki ya samaki pamoja. Wataalamu wa tabia za wanyama wanatueleza kwamba paka wa kufugwa huweza kuishi kwa jamaa pale chakula kinapotosha, hususan majike wenye uhusiano wa damu waliokua pamoja. Asichokubali ni kulazimishwa kumpokea asiyemjua, katika eneo lake, kwa dakika moja.

Sababu yake ni ya kale. Paka huyu wa sebuleni ametokana na paka mwitu wa Afrika, mnyama ambaye hata leo huishi katika mbuga zetu, akiwinda peke yake na kulinda eneo lake peke yake. Mbwa alirithi desturi za kundi lenye kiongozi. Paka alirithi mipaka. Kwake yeye, paka mgeni aliyetokea ghafla sebuleni si mtoto wa kuonewa huruma, bali ni mvamizi aliyeruka ukuta.

Na mipaka hiyo huichora kwa harufu. Lugha yetu ina sadfa ya kupendeza hapa, kwani neno paka ni jina la mnyama na pia ni kitenzi cha kupaka mafuta au rangi. Sidai kwamba maneno hayo yana asili moja, lakini sadfa hiyo inafaa kukumbukwa, maana paka hupaka. Anaposugua shavu lake kwenye mguu wa meza, kwenye mlango na kwenye suruali ya bwana wake, huacha harufu itokayo kwenye tezi za usoni, na harufu hiyo humwambia kwamba hapa ni kwake na pana usalama. Basi mgeni hana budi kutambulishwa kwa harufu kabla ya kuonekana kwa macho.

Utaratibu wenyewe haugharimu fedha nyingi. Mosi, mgeni awekwe chumba cha peke yake, pamoja na maji, chakula, pa kulala na beseni lake la mchanga au unga wa mbao, kwa muda wa wiki moja hivi. Pili, kila siku vibadilishwe vitambaa: kile alicholalia mgeni kiwekwe karibu na chakula cha mwenyeji, na cha mwenyeji kipelekwe kwa mgeni. Tatu, walishwe kwa wakati mmoja, kila mmoja upande wake wa mlango uliofungwa, ili harufu ya mwenziwe iandamane na omena na matumbo, si na vita. Nne, wakishaweza kula bila ya kunguruma, mlango ufunguliwe kidogo waonane kupitia mwanya au wavu. Mwisho kabisa ndipo wakutanishwe kwa dakika chache mbele ya mtu, na muda huo urefushwe siku hadi siku.

Mwenyeji akipuliza pumzi, asipigwe. Hayo ni maneno yake, anaomba nafasi. Anayempiga humfundisha kwamba mgeni huleta kipigo. Na hapa pana methali nyingine tunayoitumia vibaya, kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa paka, siku ya tatu mambo ndiyo kwanza yanaanza. Wengine huzoeana kwa wiki mbili, wengine kwa miezi, na wapo ambao hawatalala pamoja kamwe lakini wataishi kwa heshima, kama wapangaji wa ngazi moja.

Najua nitaulizwa: mwenye chumba kimoja afanye nini? Swali ni la haki, kwa kuwa wengi katika mitaa yetu huishi hivyo. Choo chenye mlango, kizimba cha nyavu, hata kona iliyozibwa kwa mbao na wavu, vyatosha kwa siku za mwanzo. Lililo muhimu ni kila paka awe na beseni lake na sahani yake, na mwenyeji awe na mahali pa juu pa kukwea, mathalani juu ya kabati, atazame bila ya kufikiwa. Asiyeweza hata hilo, basi na afikiri upya iwapo anahitaji paka wa pili. Kukataa kumchukua mtoto wa paka ni wema kuliko kumchukua na kumtupa.

Wapo pia watakaosema kwamba katika jiji ambamo binadamu hukosa mlo, kuzungumzia hisia za paka ni anasa. Hoja hiyo ina uzito, ila inasahau gharama. Paka wawili waliokutanishwa vibaya hukojolea kochi na kitanda, huumizana, na mmoja hutoroka. Panya nao hurudi. Paka aliyetupwa asiyehasiwa hatoweki, bali huzaa. Mimba yake ni ya takriban miezi miwili, na anaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kelele mlizotaka kuziondoa ndani ya nyumba huzidishwa nje yake.

Fauka ya hayo pana suala la afya. Jina la kichaa cha mbwa limetupumbaza, kwa kuwa linamtaja mbwa pekee ilhali ugonjwa huo humpata paka pia, na paka aliyeambukizwa anaweza kumwambukiza mtu kwa kumuuma. Kenya ilizindua mwaka 2014 mkakati wa kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na ugonjwa huo ifikapo 2030. Ni kweli kwamba mbwa ndiye chanzo kikuu, lakini paka anayetupwa leo huenda akakutana na mbwa huyo kesho. Kwa hiyo mgeni asikutanishwe na mwenyeji kabla ya kuonwa na daktari wa mifugo, apewe dawa ya minyoo, na achanjwe umri wake ukifika. Toka Satellite hadi Kabete, kwenye kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi, si mbali. Na ambaye kweli ameshindwa, chama cha KSPCA kina makao yake Karen. Gunia si njia pekee. Isitoshe, Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, hailioni suala la kumtesa mnyama bila ya sababu kuwa la mzaha.

Ikiwa kaunti itarejea tena kwenye jambo hili, ningependekeza ianzie kwenye chanjo na uhasishaji wa bei nafuu mitaani kabla ya kunyosha mkono kudai shilingi 200. Sheria haiwezi kumwamuru paka anyamaze. Ila sisi tunaweza kumpunguzia sababu ya kupiga kelele.

Wahenga walinena kwamba paka wa nyumba haingwa. Maana yake ya juu ni kwamba aliyekwisha kuwa wa nyumbani hafukuzwi. Mwenyeji hakuombwa idhini mgeni alipoletwa, na mgeni hakuomba kuletwa. Aliyefanya uamuzi ni mwenye nyumba, na wiki chache za subira ni deni lake kwao wote wawili.