Tabaka Lisisukumwe kwa Mkono

Ipo ada iliyoenea miongoni mwa wachoraji wetu wa ramani, nayo ni kwamba mtu akishaitandika ramani ya viwanja juu ya picha ya setilaiti iliyomo mtandaoni, akaona mipaka inakata katikati ya mapaa ya nyumba za Gikondo, hulikamata tabaka lile kwa kipanya, akalivuta huku na huku hata likaelekea kukaa sawa, kisha akaikabidhi kazi kana kwamba hapakuwa na lolote. Ada hiyo naiona batili, hususan katika mji huu wa Kigali, ambako sheria yataka mita 20 ziachwe wazi kandokando ya kila kinamasi, na ambako taksiri ya mita chache yaweza kumwingiza mwenye nyumba ndani ya eneo lililokatazwa ambalo hakupata kulikanyaga asilani.

Hitilafu hizi zina asili, na aghalabu ukubwa wake ndio unaoitaja asili hiyo. Mstari wa longitudo 30 hupita kando tu ya mji, upande wa magharibi, nao ndio mpaka wa kanda mbili za UTM, mfumo uigawao ulimwengu kwa kanda, ya 35 na ya 36, hata nchi ndogo kama Rwanda ikakatwa mapande mawili. Ndipo taifa likajifanyia mfumo wake, TM Rwanda, ulioufanya mstari uleule kuwa kitovu. Basi mwenye kuzisoma namba za mahali penye Kigali, akikuta ile ya kuelekea mashariki, kwa mita, ni laki tano na kitu, ajue ni TM Rwanda. Ikiwa laki moja na sabini na kitu, ni UTM 36. Ikikaribia laki nane na nusu, ni UTM 35. Na ikifika milioni tatu na ushei, ni mita za Mercator ya mtandaoni, ile iliyoenezwa na ramani za Google tangu 2005.

Tabaka likikimbilia kaskazini kiasi cha mita 300, yamkini namba zake ni za Arc 1960, kipimo cha zama za ukoloni kilichozaliwa na kazi ya kuipima longitudo hiyohiyo ya 30, aliyoianzisha mwanafalaki David Gill kutoka Cape, kusini mwa Afrika, mwaka 1883 na ambayo haikukamilika hadi 1954. Likipotea yapata kilometa moja na nusu, kuna aliyechanganya Mercator ya mtandaoni, inayoihesabu dunia kuwa tufe kamili, na ile inayokiri kwamba imebonyea kwenye ncha zake. Na Kigali ikizuka jangwani Algeria, jirani na Béni Abbès, latitudo imeandikwa mahali pa longitudo. Ikizuka Ituri, karibu na machimbo ya dhahabu ya Mongbwalu, imesahauliwa tu alama ya kutoa mbele ya latitudo. Haya ni makosa ya kuchekesha, na kwa kuwa yanachekesha hayamdhuru mtu.

Yenye madhara ni yale ya mita tatu au nne, maana hapo mifumo yaweza kuwa imeafikiana kabisa, ilhali picha ndiyo iliyopinda, kwa kuwa setilaiti huvitazama vilima vyetu kwa mshazari na usahihishaji wa miinuko haukufanywa kwa uangalifu. Anayesukuma tabaka hapo huiharibu mipaka iliyopimwa ili ilingane na picha isiyo na ushahidi wowote wa kisheria, na akiusahihisha mtaa wa Gikondo huupotosha ule wa Kacyiru.

Lawama, hata hivyo, si ya mchoraji peke yake. Ofisi hutoa mafaili ya viwanja bila lile faili dogo lenye mkia wa prj linalotaja mfumo, na programu ikilikosa hubahatisha, au humwachia mtu abahatishe. Kuliambatisha hakugharimu chochote. Naona ingefaa liwe sharti kwa kila ramani itolewayo na ofisi ya umma. Na yeyote anayepokea ramani kwa ajili ya kibali cha ujenzi aulize imetoka mfumo gani na imegeuzwa kwa hesabu ipi, na akijibiwa kwamba imelinganishwa kwa macho, airudishe.