Kipima-unyevu bila programu yake si cha kwetu

Wandugu wakulima, bamama na babaka wa koperative,

Kiangazi cha Lubumbashi tunakijua. Tangu mwezi wa tano mvua karibu hakuna, na mboga za huku Kasapa zinaishi kwa mayi ya kisima na motopompa. Kila saa ya mashini ni esansi, na esansi ni feza. Ndiyo maana nilifurahi mradi mmoja ulipoleta kipima-unyevu: kijiti cha kuchomeka udongoni, kimefungwa kwa kadi ndogo ya elektroniki yenye taa mbili. Nyekundu, mwagilia. Kijani, acha.

Siku ya nne taa ilikuwa kijani, na shu zimelala. Mama mmoja alikamata bulongo mukononi, ikavunjika, haikushikana. Akaniuliza: «Enjenyeri, tuamini taa ao tuamini bulongo?»

Nikamujibu: bulongo.

Kijiti hakikuwa na kosa. Chenyewe kinatoa namba tu. Programu iliyo ndani ya kadi ndiyo inaamua namba gani ni «kavu». Mpaka huo haukupimwa katika udongo wetu. Udongo mwekundu wenye mfinyanzi unashika mayi ambayo mizizi haiwezi kuyavuta. Mayi kiasi kilekile katika mchanga yangetosha.

Kurekebisha ni kazi ndogo. Unafungua maandishi ya programu kwa ordinatere, unabadilisha namba moja, ordinatere inayageuza kuwa lugha ya kadi, kisha unayapitisha kwa waya wa USB. Vijana wa kutengeneza simu wanaita «kuflashi». Ni dakika chache. Lakini mradi ulikuwa umekwisha, na maandishi hatukuachiwa. Kifaa kikalala depo.

Wengine watasema: sisi ni wakulima, hayo ni mambo ya watu wa miradi. Sikubali. Nani kati yenu angenunua motopompa isiyofunguka, hata kubadilisha buji haiwezekani? Tena kadi za Arduino, zilizozaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, zilitengenezwa kwa wanafunzi wasiokuwa mafundi wa elektroniki. Programu ya kuziandikia ni ya bure. Vijana wawili wa koperative wanaweza kujifunza.

Na kupima, kila mutu anaweza. Chukua makopo mawili ya udongo wa shamba lako, na kopo la pili ulitoboe chini. La kwanza, anika udongo wake juani mpaka ukauke kabisa. La pili, limwagie mayi mpaka yatoke chini, uliache mpaka kesho. Andika namba ya kila moja: mpaka wako uko katikati. Baada ya kuflashi, rudisha kijiti katika makopo yote mawili. Kavu lazima lionyeshe nyekundu, lenye mayi kijani. Chomoa pile, rudisha: programu inabaki ndani ya kadi hata bila moto, basi taa ziseme vilevile. Halafu kipeleke shambani, na juma zima mukono wako ukisimamie.

Kwa hiyo, mradi ukileta kifaa, hata kama ni mradi wetu sisi, musitie sahihi mbele ya kupokea vitu vitatu: maandishi ya programu, waya wake, na siku moja ya kufundisha vijana wenu. Bila hivyo mumeazimwa taa tu. Shu zikikauka, hasara ni yenu, si ya mradi.