Kabla ya kumpeleka mchumba Diani, mpeleke kwa marafiki zako wa zamani

KILA wikendi ndefu ikikaribia, simu yangu hujaa picha za wapenzi walio Diani, Naivasha na, kwa wale wenye mifuko mizito, Dubai. Sina ubaya nao. Mimi mwenyewe niliwahi kumsumbua mume wangu miezi mitatu nzima nikitaka anipeleke Zanzibar. Lakini kama una mchumba, au mmeoana juzi na bado mnasomana, nina safari nyingine ya kukushauri. Ingieni barabarani mkawatembelee marafiki zenu wa zamani, wale waliowajua kabla nyinyi wawili hamjajuana.

Sisi tulifanya hivyo wikendi ya Madaraka kwa Vitz yetu kuukuu. Tulitoka Nairobi tukapitia Machakos hadi Wote, tukateremka Makindu na Kibwezi, tukakata kushoto kuelekea Mutomo na Kitui mjini, kisha tukarudi kupitia Kwa Vonza. Mafuta hayakufika shilingi 8,000, na malazi hatukulipia hata usiku mmoja.

Wote kuna dada niliyekaa naye dawati moja miaka minne ya sekondari. Hata chai haijapoa alikuwa ashamwambia mume wangu kwamba zamani niliandikia bweni zima barua za mapenzi, malipo yangu yakiwa mandazi. Jamaa alinitazama kama mtu aliyeuziwa gari bila kuambiwa lina redio. Miaka mitano ya ndoa na hakuwa akijua kwamba napenda kuandika! Kusema kweli, hata mimi nilikuwa nimesahau. Dada akatujazia buti machungwa, tukaendelea.

Ukifika Makindu usipite hivi hivi. Hekalu la Masingasinga, lililojengwa 1926 na watu wa reli, hulisha wasafiri bure hadi leo. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakula. Hakuna anayekuuliza dini yako wala unakoenda.

Sasa nije kwa kilichonifanya niandike haya. Mume wangu ana rafiki yake wa utotoni huko Mutomo. Tangu tuoane nimekuwa nikimwambia twende tumwone, naye jibu lake ni moja tu: barabara mbaya. Zamani ilikuwa kweli, vumbi tupu. Lakini siku hizi kutoka Kibwezi ni lami safi. Unavuka Mto Athi, unaingia Kitui, mibuyu imesimama huku na huku, na kama si mbuzi barabarani ungefika kabla wimbo wa tatu haujaisha. Kisingizio kiliisha, safari ikawa haina budi. Ila nilimwona, tangu Ikutha, akinyamaza.

Kumbe kuna deni. Mwaka ambao mume wangu aliitwa Nairobi kwa mahojiano ya kazi, hakuwa na nauli wala viatu. Rafiki yake akauza mbuzi jike, wa pekee aliyekuwa naye, akampa pesa zote. Kazi ikapatikana, na ndiyo hiyo inayotulisha hadi leo. Aliahidi kulipa mshahara wa kwanza. Ukaja, ukaenda. Wa pili vilevile. Baadaye aibu ikamzuia hata kupiga simu, ingawa kwenye Facebook alimpongeza kila mtoto wake alipozaliwa.

Niliyajua haya mezani, muthokoi ukiwa kwenye sahani, kwa sababu mwenyeji alicheka akauliza, “Na yule mbuzi wangu ashazaa wangapi huko Nairobi?” Hakuuliza kwa ubaya. Lakini nilimwona mume wangu akiweka kijiko chini. Usiku ule ndipo aliponieleza mwenyewe, taa ikiwa imezimwa.

Nilikasirika, sitakuficha. Si kwa sababu ya mbuzi. Niliudhika kwamba simu ilimruhusu ajifanye rafiki miaka yote hiyo kwa kubonyeza kidole gumba tu, nami nikiona nikadhani wako sawa. Je, wewe una wangapi unaowapongeza hivyo huku ukiomba msikutane?

Ndiyo maana nasema nendeni. Wazazi wa mchumba wako watakusimulia mazuri, maana wanataka harusi. Mchungaji atawapa ushauri wa ndoa kutoka kwenye karatasi. Rafiki wa zamani hana cha kukuuzia. Atakwambia mwenzako alikuwa mchoyo, au aligawa chakula chake, au alikimbia deni, na atakwambia akiwa naye papo hapo, anaweza kujitetea.

Najua utasema marafiki huharibu mambo, watataja wapenzi wa kale. Ni kweli, watataja. Kitui mjini, kwenye nyama choma, jina la msichana fulani lilitajwa mara tatu na mimi sikusema neno hadi Kwa Vonza. Nilipona. Ila chagua rafiki mwenye akili, piga simu mapema, usiende mikono mitupu. Sukari, unga na majani ya chai vinatosha. Na usigeuze boma la watu kuwa studio ya TikTok.

Asubuhi ya kuondoka, mume wangu alitoa simu atume pesa za mbuzi kwa M-Pesa, na riba juu. Mwenyeji akaifunika ile simu kwa kiganja chake. “Mbuzi hatumwi kwa simu bana. Mlete akitembea.”

Tunarudi Desemba. Tatizo lililobaki ni kama mbuzi jike atakubali kukaa kiti cha nyuma cha Vitz kutoka Nairobi, au tumnunue huko huko soko la Mutomo na tusimwambie.